Wimbo wa Mgeni Mlangoni

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Naanza kwa kuliulizia hali goti lako kabla ya kukuuliza wewe mwenyewe, maana kaka ameniambia kwamba tangu utoke hospitali, goti ndilo linalotoa amri nyumbani kwake: goti linataka chai, goti linataka dirisha lifungwe, goti halitaki redio. Naomba uliambie limpe wifi nafasi ya kupumua. Mama naye shikamoo nyingi, na pole kwa kuuguza. Sisi huku hatujambo. Mume wangu hajambo, bado anatoka kwenda kuoka mikate wakati majirani wamelala, na bado anarudi na unga kwenye nyusi kama mzee wa miaka mingi. Karakana yangu ya vioo inakwenda vizuri. Watu wanavunja madirisha kwa bidii, nami nayaweka mapya.

Utajiuliza kwa nini nimeandika barua badala ya kupiga simu. Nakujua, Baba. Kwenye simu ungenikatiza katika sentensi ya pili na kuniuliza nimefanya nini na kwaya yako, nami ningepata kigugumizi. Kwenye barua huna namna ila kunisikiliza mpaka mwisho. Kwa hiyo kaa vizuri, nyoosha mguu, na usimwite Mama akusomee. Isome mwenyewe.

Ulipoondoka ulinikabidhi kwaya pamoja na penseli yako ya kuongozea, ukaniusia kwamba besi wasiburure, kwamba Bwana Nguzo asitoke nyuma ya nguzo yake, na kwamba wimbo usiokuwa na karatasi ya sauti usiingie kanisani, kwani huo si wimbo bali ni kelele. Nasikitika kukuarifu kwamba besi wameburura, Bwana Nguzo ametoka, na wimbo umeingia. Lakini ngoja nikueleze jinsi mambo yalivyofuatana, usije ukainuka kwenye kiti na kuliudhi goti.

Ilianza Jumapili mchungaji alipotangaza kwamba Askofu anakuja kututembelea, na kwamba kila kanisa analolitembelea mwaka huu analiomba liandae somo na nyimbo kuhusu jambo moja: nyimbo za sifa za Wakristo zilitoka wapi hapo mwanzo kabisa. Sisi wanakwaya tulitazamana. Mkunga, yule kiongozi wetu wa sauti ya kwanza, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kunong'ona kwamba kwa kadiri anavyojua yeye, zilitoka kwenye kabati la kanisa, rafu ya chini.

Kwenye mazoezi ndipo moto ulipowaka. Umeme, kijana wetu wa kinanda, alikuja na mpango mkubwa: spika mpya za kuazima, taa za rangi na ngoma ya kwenye kinanda. Alisema Wakristo wa kwanza wangekuwa na spika wangezitumia. Mkunga akamjibu kwamba Askofu anakuja kusali, haji kupimwa masikio, na kwamba tutaimba zile nyimbo zako za sauti nne kama zilivyo kwenye karatasi, nukta kwa nukta. Huyu akasema hivi, yule akasema vile, mpaka Umeme akachomoa kinanda ukutani, akauzungusha waya mkononi taratibu kama mtu anayefunga kidonda, akatuambia kwamba yeye hapigi kinanda kwenye jumba la makumbusho. Akatoka. Vijana wote wakamfuata. Nikabaki na kina mama, besi wawili watatu, na penseli yako.

Baba, nilikaa kwenye benchi nikashika tama. Kwaya umeijenga tangu mimi sijajua kusoma, na mimi nimekaa nayo kipindi kidogo tu, tayari imepasuka katikati kama kioo kilichokatwa vibaya. Na Askofu yuko njiani.

Aliyetuokoa, na hapa naomba uvumilie, ni Bwana Nguzo. Najua wewe ndiye uliyempa jina hilo, ulipompanga nyuma ya nguzo ili sauti yake ipigane na saruji kwanza kabla ya kutufikia. Lakini umesahau kwamba yule mtu ni mkutubi, na kazi yake ni kukaa katikati ya vitabu mchana kutwa. Alitoka nyuma ya nguzo, akaomba ruhusa kama mwanafunzi, akasema kwamba kuhusu hilo swali la Askofu yeye angeweza kutusimulia kidogo. Kidogo hicho kilikuwa kirefu, lakini hakuna aliyetazama saa.

Alisema wale watu wa kwanza hawakuanza na nyimbo mpya. Walikuwa Wayahudi, wamelelewa kwenye zaburi, basi wakaendelea kuimba zaburi walizojua tangu utotoni. Kisha wakaanza kuongeza za kwao. Alisema katika barua za mitume kuna sehemu ambazo wasomi wengi wanadhani zilikuwa nyimbo, ambazo watu walikuwa wakiziimba hata kabla barua hazijaandikwa. Nikamuuliza inajulikanaje. Akaniambia nisome kwa sauti, nitasikia mahali ambapo maneno yanaacha kutembea ovyo na kuanza kwenda kwa hatua. Nilikwenda nyumbani nikajaribu, na kweli, Baba, yanakwenda kwa hatua.

Akatusimulia habari ya gavana mmoja wa zamani aliyewakamata Wakristo wa jimbo lake, akawahoji ili ajue uhalifu wao ni upi. Alichokipata ni kwamba siku maalumu hukutana kabla ya jua kuchomoza na kumwimbia Kristo kwa kupokezana, kundi hili likianza na lile likiitikia. Gavana akamwandikia mfalme wake habari hiyo. Kwa hiyo tunajua walivyoimba kwa sababu ya mtu aliyekuwa akiwatafutia kosa. Nilipomsimulia mume wangu, alisema basi katika kanisa letu zima Mkristo wa kweli ni yeye peke yake, kwa sababu ndiye pekee anayeimba kabla ya jua kuchomoza, na wanaomwitikia ni mikate.

Kulikuwa na wimbo mwingine, alisema Bwana Nguzo, uliokuwa ukiimbwa jioni watu wanapowasha taa. Unaimbwa na watu wengi mpaka leo. Lakini tayari karne zile za mwanzo askofu mmoja aliandika kwamba watu waliupokea kutoka zamani, na kwamba hakuna anayejua nani aliutunga. Mtu aliwasha taa nyumbani kwake, akashukuru, na shukrani yake ikaishi kuliko jina lake. Akatusimulia pia juu ya shemasi aliyetunga nyimbo na kuwafundisha wanawake waziimbe mbele ya watu wote. Hiyo Mkunga aliipenda mno, akamtaka airudie, kisha akawatazama besi.

Na ya mwisho ilikuwa ya mji mmoja ambapo askari walilizingira kanisa, watu wakakaa ndani na askofu wao kulilinda. Ili wasikate tamaa kwa huzuni na uchovu, wakafundishwa kuimba kwa kupokezana, upande kwa upande. Askari nje, wimbo ndani. Kutoka pale, alisema, desturi hiyo ikasambaa kwenye makanisa mengine.

Mkunga akauliza swali ambalo ungeliuliza wewe: je, karatasi za sauti ziko wapi? Bwana Nguzo akaeleza kwa upole kwamba maneno yamebaki kiasi, lakini sauti zake karibu zote zimepotea. Ungemwona Mkunga! Alikasirika kama mtu aliyeambiwa kwamba vyombo vyake vya harusi vimevunjwa na mtu asiyejulikana.

Basi tukakata kauli. Bwana Nguzo atatoa somo, nasi tutaimba zaburi kwa kupokezana, bila kinanda, kina mama upande huu na wanaume upande ule. Shida ni kwamba upande ule haukuwa na watu. Nilikwenda kibandani kwa Umeme, pale anapotengenezea simu. Nilimkuta ana bisibisi mdomoni, na hakuitoa alipoona ni mimi. Nikamwambia sikuja kumwomba apige kinanda. Nimekuja kumwomba aje aketi tu, ili wale vijana wenzake nao waje waketi. Akaniuliza kwa pembe ya mdomo kama ataruhusiwa kukunja uso. Nikamwambia akunje mpaka achoke.

Siku yenyewe ikafika, na mvua nayo ikafika. Baba, mvua ile! Asubuhi kulikuwa kweupe. Askofu akaingia na viatu vinavyong'aa, mchungaji akatokwa na jasho la furaha, Bwana Nguzo akatoa somo lake vizuri bila hata kutazama karatasi. Mara bati likaanza kulia. Mwanzoni tulifikiri itapita. Haikupita. Umeme ukakatika (namaanisha umeme wa kwenye waya, yule mwingine alikuwa amekaa benchi la nyuma amekunja uso kama tulivyokubaliana). Kanisa likawa giza mchana. Mtu aliyefungua mlango akaufunga tena haraka: barabara ilikuwa imegeuka mto, na mto ulikuwa umeshaingia uani na kupanda ngazi ya kwanza. Pikipiki ya mchungaji ilikuwa imelala ubavu, maji yanaipita juu.

Hatukuweza kutoka. Tulikaa humo mpaka alasiri. Watoto walianza kulia mmoja mmoja, kisha wote. Mama mmoja alikuwa amemwacha mgonjwa nyumbani, akawa anakwenda mlangoni na kurudi, anakwenda na kurudi. Maji yakaanza kupenya chini ya mlango, wanaume wakakunja majoho yetu ya kwaya na kuyasukuma pale. Naam, majoho. Nitayafua. Askofu alivua viatu, akakaa amepandisha miguu kwenye benchi kama mtu anayengoja samaki. Mchungaji alijaribu kuomba, lakini bati lilimshinda sauti.

Bwana Nguzo akaja akaniinamia sikioni, akaniambia, "Imba." Nikamwambia kwamba zaburi tuliyoifanyia mazoezi ina mistari mirefu, hakuna atakayeisikia kwenye kelele hii. Akasema, "Basi imba fupi. Lakini imba."

Sikuwa na fupi. Nilikuwa na kitu kimoja tu kichwani, kitu nilichokuwa nikikiimba karakanani wiki ile nzima nikikata vioo, maneno matatu manne yasiyo na karatasi. Nikapiga moyo konde. Nikapanda juu ya benchi, nikafumba macho, nikaimba kwa nguvu zangu zote:

"Kuna mgeni mlangoni kwangu!"

Bati tu. Kisha kutoka nyuma ikaja sauti, Baba, sauti safi, ndefu, ambayo hatujapata kuisikia kanisani mwetu, ikaitikia:

"Karibu, ingia ndani!"

Alikuwa Umeme. Miaka yote tumemweka nyuma ya kinanda, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza kama anaimba. Alikuwa amesimama, ameacha kukunja uso, na hata yeye alionekana kushangaa. Vijana wakamdaka. Nikaimba tena, "Nimemngoja, sikujua siku!" Wakaitikia, "Karibu, ingia ndani!" Kina mama wakahamia upande wangu, tukawa tunawarushia wanaume nao wanaturudishia, huku na huku, na kila mzunguko ulikuwa na watu wengi zaidi. Mchungaji akanivuta gauni kutoka chini. Alikuwa ananisihi kwa ishara, akionyesha maji chini ya mlango, kisha akanipigia kelele sikioni, "Dada, usiyakaribishe!" Nilicheka katikati ya mstari. Kila aliyesikia akacheka, na wale ambao hawakusikia wakacheka kwa sababu wenzao wamecheka. Watoto wakaacha kulia. Yule mama aliyekuwa akienda na kurudi alisimama katikati ya kanisa, akashika bega la jirani yake, akaimba huku machozi yanamtoka na meno yote yako nje.

Tuliimba mpaka bati likachoka. Maji yakapungua, mlango ukafunguliwa, na jua lilikuwa limetoka kama vile halikuhusika. Hakuna aliyeumia. Mgonjwa wa yule mama alikutwa salama, amelala fofofo. Pikipiki ya mchungaji inakohoa, lakini inakwenda.

Kabla ya kuvaa viatu Askofu aliniita mimi na Bwana Nguzo. Alisema amesikia nyimbo nyingi za kale kwenye ziara yake hii, lakini huu hajawahi kuusikia, nao una ladha halisi ya wale watu wa kwanza. Akauliza ni wa karne ya ngapi. Nilitaka ardhi inimeze. Bwana Nguzo, ambaye hajui kusema uongo, alitazama miguu mitupu ya Askofu, akajibu, "Wa karne hii, Baba Askofu. Wa mchana huu." Askofu alicheka mpaka akakaa chini tena. Kisha akasema kwamba basi somo letu ndilo lililofika mwisho wake sawasawa, kwa maana wengine walimweleza nyimbo zilitoka wapi, sisi tumemwonyesha.

Tangu siku hiyo wimbo umenitoka mikononi. Wanauimba kliniki wakingoja zamu. Mume wangu anasema wanauimba kiwandani kwake kila tanuri linapofunguliwa. Mashairi yameongezeka ambayo mimi siyajui. Jana mteja mmoja aliyeleta picha kuwekewa fremu alinifundisha wimbo wangu mwenyewe, na akanirekebisha mahali nilipokosea. Nilijitia hamnazo, nikamshukuru.

Na watu wananisifu, Baba, wanasema binti wa Mwalimu wa kwaya ana imani ya ajabu. Maji yanaingia, yeye anashukuru. Mauti mlangoni, yeye anakaribisha. Mchungaji amelihubiri jambo hilo. Mimi nainamisha kichwa tu, naonekana mnyenyekevu.

Hapa ndipo nilipokuwa nikikuzungusha tangu mwanzo wa barua. Ukweli ni kwamba sikuwa na habari na mafuriko. Macho niliyafumba kwa sababu nilijua nikiyafungua nitaimba na kucheka kwa wakati mmoja. Wiki ile, kabla ya mvua, nilikuwa nimekwenda kliniki, nikiamini ni uchovu wa kazi. Mkunga akanipima, akanipima tena, akatoka nje, akarudi, akanipima mara nyingine. Kisha akaniwekea ile mashine yao, akaipandisha sauti, na nikausikia moyo unaopiga mbio mbio ambao si wangu.

Ndiyo, Baba. Baada ya miaka yote ile, watu wameshaacha kuniuliza, na mimi mwenyewe nimeshaacha kujiuliza. Mume wangu nilipomwambia aliunguza mikate ya mtaa mzima. Mgeni niliyemwimba hakuwa maji, wala si fumbo la kina kama anavyohubiri mchungaji, ingawa nadhani Mungu hatakasirika wakilielewa hivyo. Ni mgeni wa kweli, mdogo, mwenye mateke. Pale kanisani kati ya watu wote ni Mkunga peke yake aliyejua ninaimba nini. Nilipofumbua macho nilimwona amejifunika uso kwa kitabu chako cha sauti nne, mabega yanamtetemeka.

Sasa nafikiri sana juu ya yule mtu aliyewasha taa yake jioni. Kabla sijajua haya niliona nyimbo kama vitu vilivyoshuka vikiwa vimekamilika, na karatasi zake. Labda naye alikuwa na jambo lake dogo la nyumbani, akashindwa kunyamaza tu.

Wimbo bado hauna karatasi. Siombi uupende. Naomba uuandikie sauti, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza, na kwa sababu besi wameshaanza kuuburura. Andika nne. Ya tano mwachie Bwana Nguzo, tayari anayo. Umeme anasema ukirudi atakuomba umfundishe kusoma nota, ila ameniomba nisikwambie, basi hujasikia kwangu.

Msalimu kaka, mwambie ile picha yao ya harusi nimeiwekea kioo kipya. Msalimu wifi na watoto, wavute masikio kwa niaba yangu. Mume wangu anakusalimu sana na anasema mikate ya kukupokea haitaungua. Wanakwaya wote wanakuombea upone, hata wale uliowaweka nyuma.

Na sasa jambo la mwisho. Habari kama hii kwa kawaida huanzia kwa Mama. Lakini nyumbani kwetu wewe umekuwa mtu wa mwisho kujua kila kitu. Uchumba wa kaka uliusikia kwa kinyozi, na wangu uliusikia kwa majirani. Kwa hiyo Mama sijamwambia, na kaka hajui. Ikunje barua hii uiweke chini ya mto, mtazame Mama akipita na chai yako huku hana habari, na ufurahie. Lakini usijaribu kushindana naye muda mrefu, maana uso wako haujui kuficha kitu. Akikuuliza unachekelea nini peke yako, mwambie.

Ni mimi binti yako akupendaye,

Fundi wa vioo